KWANZA TUANDIKE TUSIYOYAFANYA

Msafiri wa zamani aliyetoka pwani kwenda bara, akiisha kuvuka Ugogo na kulipa hongo kwa watemi wake, alikuwa bado hajayamaliza mashaka. Mbele yake palikuwa na Mgunda Mkali, pori refu lenye maji haba na lisilo na chakula cha kununua, na wapagazi wengi walianguka humo wasiinuke tena. Pori lilipokwisha, makazi ya kwanza ya Unyamwezi aliyoyakuta yalikuwa Tura. Mwingereza Richard Burton, aliyepita hapo mwaka 1857, aliandika kwamba maana ya jina hilo ni kutua, yaani tua mzigo wako. Asemaye Kiswahili hahitaji mkalimani hapo, maana neno la Kinyamwezi na neno letu la "tua" ni ndugu wa tumbo moja.

Sasa Tura ni kata ya Wilaya ya Uyui, katika Mkoa wa Tabora, na ni stesheni ya Reli ya Kati. Reli hiyo ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na kazi ya upagazi wa masafa marefu ikafa. Hata hivyo desturi ya njia haikufa. Vijiji vya reli, kuanzia Manyoni mpaka Tabora na mbele yake, vingali vijiji vya watu waliotoka kila upande: mkulima wa tumbaku, mrina asali, mchungaji wa ng'ombe, mfanyakazi wa reli, mwalimu aliyehamishwa, mwuza duka. Wako wanaoamka kwa adhana, wako wanaoamka kwa kengele ya kanisa, na wako wanaokwenda kwenye kaburi la babu mvua zinapochelewa. Wote hao huazimana jembe na huteka maji kisima kimoja.

Katika mahali pa namna hiyo, wananchi wa dini mbalimbali wanapotaka kuunda umoja wao wa kulinda amani na kusaidiana, jambo la kwanza wanaloambiwa ni hili: andikeni katiba. Na hapo ndipo wengi hukwama. Ama huandika maneno matamu yasiyomfunga mtu, ama hunakili katiba ya chama kingine cha mjini na kubadili jina, ama huanza kugombana kabla ya kufika ibara ya tatu. Nataka leo kutoa neno langu juu ya kazi hiyo, maana ni kazi inayowahusu wanachama na wafanyakazi wa kila stesheni. Neno lenyewe ni moja: katiba ya umoja wa dini mbalimbali yapasa ianze kwa kutaja yale ambayo umoja huo hautayafanya, na yapasa iandikwe na walewale watakaoishi nayo.

HAKUNA MWENYEJI PEKE YAKE

Kwanza yafaa tukumbuke jinsi dini zilivyofika katika nchi hii ya Tabora, maana asiyekumbuka hujidhania kuwa yeye ndiye mwenye nyumba na wenziwe ni wapangaji. Kabla ya msafara wowote wa pwani, Wanyamwezi walikuwa na ibada zao, matambiko yao na heshima yao kwa wafu. Uislamu ulikuja kwa njia ya misafara, pamoja na wafanya biashara Waarabu na Waswahili walioweka makao Unyanyembe katika karne ya kumi na tisa. Mapadre Weupe walifika Tabora mwaka 1878, wakielekea kwenye maziwa makuu. Wamisheni wa London walianza kazi Urambo mwaka uliofuata, na mwaka 1898 Wamoravian wakaipokea kazi hiyo.

Tazameni basi: imamu na padri walikuja kwa njia moja, na mizigo yao, misahafu kwa Biblia, ilibebwa vichwani na mabegani mwa wapagazi, na wengi wa wapagazi hao walikuwa Wanyamwezi. Hakuna hata mmoja kati yao awezaye kumwambia mwenziwe, "Mimi nilikukaribisha hapa." Jambo hili si hadithi ya kufurahisha watoto tu. Lina kazi katika katiba. Katika utangulizi wake, umoja wa dini usiandike kwamba dini fulani ni wenyeji nao wanazikaribisha nyingine. Iandikwe kwamba wote ni majirani. Ugeni na uenyeji ukiingia katika ukurasa wa kwanza, utawasumbua mpaka ukurasa wa mwisho.

KATIBA YA KUAZIMA

Mimi mwenyewe niliwahi kuwa katibu wa chama cha kuzikana katika mtaa mmoja wa mji ambao sitautaja. Tulikuwa Waislamu na Wakristo, na tulipendana. Kwa kuwa mimi nilisomeshwa na wamisheni na mwandiko wangu ulisifiwa, nilipewa kazi ya kuandika katiba. Nami kwa uvivu nikaazima katiba ya klabu ya mpira, nikaondoa neno "klabu" nikaweka neno "chama", na kwa haraka yangu nikakisahau humo kifungu kimoja kinachosema juu ya kuhama kwa wachezaji. Mkutano mkuu ulipitisha katiba hiyo kwa makofi, wala hakuna aliyekiona kifungu kile.

Miezi haikupita mingi, akafariki mwenzetu Mwislamu, Alhamisi jioni. Kwa desturi ya dini yake ilitakiwa azikwe asubuhi yake. Tukaifungua katiba. Ilisema kwamba fedha haziwezi kutolewa ila kwa uamuzi wa kamati, na kamati haiwezi kukutana ila kwa taarifa ya siku saba. Mwenyekiti, mtu mwaminifu, alishika sheria. Marehemu alizikwa kwa michango ya majirani waliosimama uani, na fedha za chama zilipotoka, hitima ilikuwa imekwisha somwa. Mjane wake hakutulaumu kwa neno lolote, na kunyamaza kwake kulituumiza kuliko matusi. Mwaka haukuisha chama kikafa.

Kosa halikuwa la mwenyekiti. Lilikuwa langu mimi niliyeazima vazi la mwembamba nikamvika mnene. Siku saba zatosha kwa mambo ya mpira. Kwa mtu aliyekufa hazitoshi hata kidogo. Tangu siku ile nimeamini kwamba kila kifungu cha katiba lazima kiulizwe swali moja: kitafanya nini siku ya taabu?

SHERIA YATAKA NINI

Wako wasemao kwamba watu wa Mungu hawahitaji makaratasi. La hasha. Sheria ya nchi yayataka, na busara yayataka zaidi. Sheria ya Jumuiya ilianza kama amri ya serikali ya kikoloni mwaka 1954, mwaka uleule TANU ilipozaliwa, tarehe 7 Julai. Wakoloni waliitumia kama rungu; huko Usukuma walikataa kuyasajili matawi ya TANU kwa miaka kadhaa. Wazee wetu walijifunza kutokana na taabu ile kwamba chama kisicho na karatasi safi humpa adui yake sababu ya kukifunga.

Leo jumuiya za dini husajiliwa na Msajili wa Jumuiya aliye chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Iko pia sheria ya mwaka 2002 ya mashirika yasiyo ya kiserikali, yenye msajili wake. Wanaotaka kuunda umoja wafike kwanza katika ofisi ya wilaya, waulize kazi wanayoikusudia yaangukia wapi, ndipo washike kalamu. Juu ya sheria hizo iko Katiba ya nchi ya mwaka 1977. Ibara yake ya 19 inampa kila mtu uhuru wa dini, na inaweka kazi za kuendesha jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Ibara ya 20 inatoa uhuru wa kukutana na kushirikiana na wengine. Umoja wa Tura, au wa kijiji kingine chochote, unaposimama katika ibara hizo mbili hauombi fadhili ya mtu.

LILE TUSILOLIFANYA

Sasa nafika kwenye shina la maneno yangu.  Mwezi wa Oktoba mwaka 2012, huko Mbagala, makanisa yalichomwa na kuvunjwa, kwa sababu ya ubishi wa watoto juu ya Msahafu. Mwezi wa Februari mwaka 2013, huko Buseresere katika Mkoa wa Geita, watu waligombana juu ya nani ana haki ya kuchinja mnyama wa kuuzwa buchani, na mchungaji mmoja akauawa. Watu hao hawakuwa wageni kwa wenzao. Walikuwa majirani. Walinunua chumvi duka moja.

Baada ya msiba kama huo, husemwa kwamba umoja wa viongozi wa dini uundwe ili "utatue migogoro ya dini". Maneno haya yaingiapo katika katiba huleta hatari. Je, umoja utaamua kwamba nyama iliyochinjwa na huyu ni halali na ya yule si halali? Imamu hana ruhusa ya kukubali uamuzi huo kwa kura ya Walutheri, wala padri hawezi kupigiwa kura na masheikh juu ya ubatizo. Siku swali hilo litakapowekwa mezani, umoja utapasuka, na tena utapasuka wakati ambapo ulikuwa unahitajiwa kuliko siku zote.

Kwa hiyo ibara ya kwanza baada ya jina iwe ya makatazo. Umoja huu hautaamua jambo lolote la imani. Hautasema dini ipi ni ya kweli. Hautamwongoa mtu, wala mikutano yake haitatumiwa kwa kuhubiri. Hautahukumu ndoa, wala urithi, wala halali na haramu. Ukiisha kufungwa hivyo, ndipo utakapokuwa na nguvu ya kufanya lile liwezekanalo: kukaa pamoja siku moja kabla ya ghasia, kumpeleka mzee wa dini hii katika nyumba ya dini ile, kusema kwa sauti moja kwamba mwenye kosa atafikishwa mbele ya sheria na asiye na kosa asiguswe, na kuziomba mamlaka za serikali zitoe uamuzi ulio wa serikali, kama ule wa leseni za machinjio.

Jirani zetu wa Kenya wametupa fundisho katika jambo hili. Mwishoni mwa mwaka 1999 viongozi wa makanisa, Waislamu na Wahindu walikutana katika nyumba ya Ufungamano, Nairobi, wakataka katiba mpya ya nchi iandikwe na wananchi. Mwaka 2000 waliunda tume yao wenyewe, chini ya mwanasheria Oki Ooko Ombaka, na mwaka 2001 ikaunganishwa na tume ya serikali iliyoongozwa na Profesa Yash Pal Ghai. Kazi ile ilikuwa ya fahari. Lakini kura ya maoni ilipokaribia mwezi wa Agosti 2010, makanisa makubwa yaliipinga rasimu, na sababu mojawapo ilikuwa mahakama za kadhi, ambazo Waislamu walizitetea. Katiba ilipita, lakini mkono uliokuwa umeshikana ulikuwa umeachana. Waliafikiana juu ya safari, wala hawakuafikiana mapema watakalofanya pale dini zao zitakapovutana. Hilo ndilo la kuandikwa mwanzo, wakati mioyo ingali baridi: siku tutakapopingana kwa ajili ya imani, kila mmoja atasema neno lake kwa jina la dini yake, na umoja utanyamaza wala hautavunjika.

VITI NA WAKAAO JUU YAKE

Swali la pili ni nani awe mjumbe. Ni rahisi kuandika "Waislamu watano na Wakristo watano". Lakini Waislamu gani? Baraza Kuu la Waislamu wa Tanzania, BAKWATA, liliundwa Iringa mwaka 1968, mwaka uleule ilipopigwa marufuku Jumuiya ya Ustawi wa Waislamu wa Afrika Mashariki, na tangu siku hizo wamekuwako Waislamu wanaosema kwamba baraza hilo halikutoka mikononi mwao. Na Wakristo gani? Wako Wakatoliki walio chini ya Baraza la Maaskofu, wako walio katika Jumuiya ya Kikristo, wako Wapentekoste na Wasabato wasiokuwa katika hizo mbili. Na mzee asiyekwenda msikitini wala kanisani, anayeshika mila za wazazi wake, akae wapi? Akiachwa nje kwa kuwa hana jengo wala muhuri, umoja utakuwa umewafungia mlango watu walioikuta misafara yote.

Hapa Tabora tunayo kumbukumbu iwezayo kutusaidia. Mwezi wa Januari 1958 TANU ilifanya mkutano wake mkuu mjini Tabora. Wakoloni walikuwa wameweka sheria ya kura tatu, ya kwamba kila mpiga kura amchague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Wajumbe wengi walitaka kuususia uchaguzi. Mwalimu Nyerere, aliyewahi kusoma na kufundisha katika mji huohuo, aliwashawishi waingie, na uamuzi huo ukaitwa wa busara. Si wote waliokubali: Zuberi Mtemvu alijitoa na kuunda chama chake. Lakini TANU ilishinda katika kura zilezile tatu, na baada ya miaka michache mgawo wa viti kwa rangi ukaondolewa.

Fundisho ni kwamba viti vya mgawo vyaweza kuwa ngazi, lakini visiwe nyumba. Mwanzoni, watu wakiwa bado na hofu, gaweni viti kwa dini ili asiwepo wa kusema amemezwa. Lakini andikeni pia muda: baada ya miaka mitatu, mkutano mkuu uutazame mgawo huo tena. Na tangu siku ya kwanza iandikwe kwamba mjumbe hakai pale kama balozi wa dini yake, mwenye uwezo wa kuifunga kwa maneno yake. Akaa kama jirani anayeaminiwa na watu wa dini yake. Tofauti hiyo ni kubwa. Balozi huogopa kusema, jirani husema.

Wanawake nao wapewe viti kwa hesabu wala si kwa huruma. Katika vijiji vyetu, mwenye habari za kwanza za ugomvi ni mama aliye kisimani. Kamati ya wanaume kumi wenye kanzu na joho itapata habari hizo siku ya tatu, moshi ukiwa umekwisha onekana.

Uenyekiti uzunguke kila mwaka kutoka dini moja hadi nyingine, na katibu asiwe wa dini ya mwenyekiti. Mambo ya kawaida yaamuliwe kwa kura. Jambo linalogusa dini ya mjumbe yeyote liamuliwe kwa maafikiano tu, na yasipopatikana liwekwe kando. Na mikutano isiitishwe Ijumaa mchana, wala Jumamosi, wala Jumapili asubuhi. Asemaye kwamba hayo ni madogo hajapata kuitwa mkutanoni saa ya sala yake.

Iko mikutano iliyovunjika kwa sababu ya sala ya ufunguzi na sahani ya chakula. Kwa sala, kila mmoja aombe kimya kwa namna yake, wala asiwepo wa kulazimishwa kuitikia amina ya mwenziwe. Kwa chakula, katiba isijaribu kuwa kadhi. Ipikwe ugali na maharage. Maharage hayachinjwi.

FEDHA NA JUKWAA

Juu ya fedha sitasema mengi, maana kila mwanachama ayajua. Sanduku liwe na funguo tatu mikononi mwa watu watatu wa dini tofauti. Kila senti iwe na risiti, na hesabu isomwe mbele ya watu kila miezi mitatu. Ila iwekwe akiba ndogo ya dharura, ambayo wenye funguo wawili waweza kuitoa usiku uleule bila kikao, nao watoe maelezo baadaye. Ningalikuwa nimeandika hivyo siku zile, mjane yule asingalizikiwa mumewe kwa sadaka. Na mfadhili akija kutoka mbali na fedha nyingi na katiba yake mkononi, pokeeni salamu zake, someni katiba yake, kisha mrudishieni. Fedha ikija na katiba, fedha ndiyo mwenyekiti.

Liko jambo moja gumu zaidi, nami nalisema nikiwa mhariri wa gazeti la chama. Umoja wa dini usimpe jukwaa mgombea yeyote, wa chama chochote, hata cha kwetu. Wakati wa uchaguzi, mjumbe anayetaka kugombea ajiuzulu kwanza. Najua wako wenzangu watakaokunja uso. Lakini tufikiri: kama umoja huo utaonekana ni tawi la chama, siku ya ghasia nani wa upande mwingine atausikiliza? Tutakuwa tumekata mti wa kivuli ili tupate kuni za siku moja.

Kutokuwa na jukwaa si kutokuwa na sauti. Mwaka 2008, BAKWATA, Jumuiya ya Kikristo na Baraza la Maaskofu walitoa pamoja taarifa juu ya mapato madogo ambayo nchi ilikuwa ikiyapata katika dhahabu yake. Hawakumtaja mgombea, hawakugusa imani ya mtu, walitaja hesabu. Umoja wa kijiji nao waweza kusema hivyohivyo juu ya mizani ya tumbaku au juu ya zahanati isiyo na dawa.

SIKU YA MAZISHI

Nimeacha kwa mwisho jambo ambalo kwangu ndilo kubwa. Tarehe 24 Juni 2002, garimoshi la abiria katika reli yetu hii lilishindwa kupanda mlima, likarudi nyuma kwa kasi na kugongana na garimoshi la mizigo huko Msagali, Mkoa wa Dodoma. Watu zaidi ya 280 walikufa. Wako waliokosa kutambuliwa, nao walizikwa pamoja Dodoma. Ni nani katika siku kama hiyo awezaye kusema huyu ni wa kaburi la kuelekea Kibla na huyu ni wa msalaba? Kila mfanyakazi wa reli ameliwaza hilo, ingawa hatulisemi.

Wapagazi wa zamani waliwaza jambo hilohilo. Walijua kwamba mtu aweza kufa mbali na ukoo wake, mahali asipokuwa na wa kumwosha wala wa kumlilia. Wanyamwezi na watu wa pwani waliokutana katika misafara wakawekeana utani. Sisi leo tunaona utani ni mzaha tu, lakini ulikuwa mkataba. Mtani anayekutukana bila wewe kukasirika ndiye anayepaswa kusimama katika msiba wako na kusaidia kukuzika. Mkataba huo haukuandikwa, wala haukuuliza dini, nao ulidumu kuliko katiba nyingi zenye muhuri.

Kwa hiyo katika kazi za umoja, ya kwanza iwe mazishi. Iandikwe kwamba mgeni akifa katika kijiji, umoja utamtafutia ndugu zake. Dini yake ikijulikana atazikwa kwa taratibu zake, na wa dini nyingine watachimba kaburi, watachota maji na kupika. Dini yake isipojulikana, wote watasimama na kila mmoja atamwombea kwa lugha ya imani yake. Kijiji kinachoweza kuandika ibara hiyo na kuitimiza hakitachoma nyumba ya ibada ya mtu. Huwezi kuchimba kaburi pamoja na mtu asubuhi, ukamwashia moto jioni.

Katika nchi ya Waacholi, kaskazini ya Uganda, viongozi Wakatoliki, Waanglikana, Waislamu na Waorthodox waliungana mwaka 1997 na 1998 katikati ya vita. Mwezi wa Juni 2003, Askofu Mkuu John Baptist Odama, Askofu Macleod Baker Ochola na Sheikh Musa Khalil walikwenda kulala usiku wa siku nne nje, mjini Gulu, pamoja na watoto waliokuwa wakikimbia vijijini kila jioni wasitekwe na waasi. Mwaka 2004 umoja wao ulipewa tuzo ya amani ya Niwano ya Japani. Sikumbuki hata ibara moja ya katiba yao. Nakumbuka kwamba walilala chini.

NAMNA YA KUIANDIKA

Basi wananchi wa Tura, na wa stesheni nyingine zote, wakitaka kuifanya kazi hii, waifanye hivi. Wasianze na karatasi. Waanze kwa kukaa jioni tatu au nne na kutaja misiba yote na magomvi yote waliyopata kuyaona, na kuuliza kila mara: umoja ungalikuwako, ungalifanya nini, na ungalikosea wapi? Majibu hayo ndiyo ibara. Kisha wachaguliwe wawili wa dini mbalimbali wenye mwandiko mzuri, waandike kwa Kiswahili kifupi. Rasimu isomwe kwa sauti mkutanoni, na ielezwe kwa Kinyamwezi kwa wazee wasiosoma. Kila ibara isiyoeleweka kwa kusikiwa mara moja iandikwe upya. Isomwe msikitini baada ya sala, kanisani baada ya ibada, na kilabuni kabla pombe haijakolea. Ikae miezi mitatu, watu wailaumu. Ndipo ipigiwe kura na kupelekwa kwa msajili.

Itakuwa fupi. Kurasa nne zatosha: tusiyoyafanya, tutakayoyafanya, wakaao vitini, funguo za sanduku, na namna ya kuivunja siku itakapofaa kuvunjwa, pamoja na mali itakwenda wapi. Maneno mengi juu ya upendo si lazima. Upendo utaonekana kaburini na kisimani.

Msafara ulipofika Tura, hapakuwa na mpagazi aliyeulizwa amebeba nini kabla ya kuruhusiwa kutua. Alitua kwanza, akanywa maji. Habari za mzigo zilifuata baadaye.